Mwongozo kamili: jinsi ya kukagua tovuti inayosumbua watu na kuirekebisha, ukianza na simu yako tu

Kuna kitu kinaumiza sana na tumeshakizoea. Taasisi inatangaza kwamba huduma sasa ni mtandaoni, usije ofisini, jaza mwenyewe kwa simu yako, alafu ukipita mtaani unakuta foleni imehamia steshenari. Watu wamekaa kwenye benchi wanamsubiri kijana mmoja mwenye kompyuta awajazie fomu, kila mmoja analipia, na kijana anamfungulia mteja barua pepe mpya, anamtungia paswedi, anaiandika kwenye daftari lake. Mwaka ukipita mteja anatakiwa aingie tena kwenye akaunti yake na hana chochote mkononi, barua pepe haijui, paswedi haijui, inabidi amtafute yule kijana na pengine ameshahama. Kenya mambo ni yale yale, kule wanaenda saiba.

Na kwa mtu asiyeona ndio mbaya zaidi, maana yeye pale steshenari inabidi ataje namba ya kitambulisho na majina ya watoto wake kwa sauti mbele ya benchi zima.

Wengi wanamalizia kwa kusema watu wetu hawajui teknolojia. Sikubaliani kabisa. Hao hao wanatuma na kupokea hela kwa simu kila siku, wanauza vitenge WhatsApp, wanalipa luku usiku wa manane. Wanakwama kwa sababu fomu yenyewe imetengenezwa na mtu aliyekaa kwenye kompyuta kubwa yenye intaneti ya ofisi, akaijaribu mara moja kwa mausi, ikakubali, akaondoka.

Kwa hiyo mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye tovuti ya shule, zahanati, SACCOS, halmashauri, duka, msikiti, kanisa, chochote, na pia kwa developa anayetaka kazi yake itumike kweli. Huhitaji kuwa fundi, hatua nyingi ni simu na macho yako, na pale panapohitaji fundi nimeandika maneno yenyewe ya kumpelekea. Kipimo ninachotumia ni WCAG, ule mwongozo wa kimataifa wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti duniani, wa kufanya tovuti itumike na watu wote. Toleo la kwanza lilitoka 1999 na la sasa, 2.2, lilitoka Oktoba 2023. WCAG ina ngazi tatu, A, AA na AAA, na unayotakiwa kuilenga ni AA. Sio lazima uusome wote leo, nimechukua yale yanayowakwamisha watu wengi zaidi.

Hatua ya 1: Andika kazi moja, sio tovuti nzima

Usianze na ukurasa wa mwanzo. Watu hupoteza wiki nzima kubishana kuhusu picha ya mkurugenzi ikae wapi wakati hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja kuangalia picha ya mkurugenzi. Chukua karatasi andika sentensi moja: "Mzazi anataka kujua ada ya kidato cha kwanza na namba ya kulipia." Au "Mgonjwa anataka kujua kliniki ya sukari ni siku gani." Hiyo ndio kazi yako ya kukagulia, utaifanya upya katika kila hatua inayofuata mpaka mwisho kabisa, mpaka pale risiti au jibu linapotokea. Kukagua nusu njia hakusaidii kwa sababu mitego mikubwa huwa iko mwishoni, kwenye kutuma.

Kama hujui watu wanakuja kufanya nini, muulize anayepokea simu za ofisi. Swali analoulizwa kila siku kwenye simu ndilo ambalo tovuti imeshindwa kulijibu.

Hatua ya 2: Simu ya bei nafuu, bando lako mwenyewe, zima Wi-Fi

Azima simu ya chini, ya mtu wa kawaida, yenye skrini iliyopasuka kidogo kama ndio iliyopo. Zima Wi-Fi. Nenda kwenye mipangilio ya matumizi ya data, angalia kivinjari kimekula MB ngapi mpaka sasa, fanya ile kazi yako, alafu rudi uangalie tena. Tofauti hiyo ndio nauli unayomtoza kila mtu anayekuja kwako.

Mara nyingi mlaji ni picha zinazopishana juu ya ukurasa wa mwanzo, zimepandishwa vile vile zilivyotoka kwenye kamera, kila moja MB 4 au 5, na hakuna anayezisubiri. Ziondoe. Zinazobaki mwambie fundi azipunguze upana zilingane na skrini na azihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Video isianze kucheza yenyewe. Kama mnatumia fonti tano tofauti zenye uzito tofauti, baki na moja au mbili.

Jaribu pia kwa Opera Mini. Kile kivinjari kikiwa kwenye ubanaji wa juu kabisa kinapitisha ukurasa kwenye seva zao kwanza, kinaubana, ndio kinakutumia, na JavaScript, ile programu ndani ya ukurasa inayofungua menyu na vidirisha, inafanya kazi kwa kiasi kidogo tu. Menyu ambayo haifunguki bila JavaScript kule inakufa. Maelezo ya muhimu kama ada, saa za kazi, mahali mlipo na namba za simu yanatakiwa yasomeke hata JavaScript ikigoma.

Hatua ya 3: Kuza maandishi

Weka vidole viwili kwenye skrini uvute. Maandishi yakikataa kukua kuna mtu ameandika user-scalable=no au maximum-scale=1 kwenye ukurasa, mwambie fundi afute hayo maneno, ni kazi ya dakika moja. Kukataza watu kukuza maandishi ni kitu ambacho sijawahi kuona sababu yake nzuri. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali unawatesa, wazee wetu wanasoma kwa kuisogeza simu mbali, na wewe mwenyewe ukisimama kituo cha daladala saa saba mchana huoni kitu.

Kisha nenda kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka ifike asilimia 200, fanya ile kazi. Ongeza mpaka 400. Maandishi yanatakiwa yajipange upya kushuka chini, usilazimike kuvuta ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari, na kitufe cha kutuma kisipotee nje ya skrini.

Rangi nazo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yapishane na nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, maandishi makubwa 3 kwa 1. Ile kijivu ambayo mafundi wanaipenda, #999999 juu ya nyeupe, inatoa 2.85 tu, imefeli. Ukiitia giza mpaka #767676 unapata 4.54, umepita hapo hapo bila kuharibu muonekano. Njano juu ya nyeupe usijaribu kabisa. Na usitumie rangi peke yake kusema jambo, yaani "sehemu zenye nyekundu ni za lazima" haimwambii kitu asiyetofautisha nyekundu na kijani, andika neno "lazima" pale pale.

Vitufe viwe vikubwa. WCAG 2.2 inataka angalau pikseli 24 kwa 24, ila mimi ningeenda 44 au 48, maana kidole gumba cha mtu aliyepanda bajaji hakilengi vizuri.

Hatua ya 4: Weka mausi pembeni

Kwenye kompyuta acha mausi kabisa. Tab unasonga mbele, Shift na Tab unarudi nyuma, Enter au kitufe cha nafasi unabonyeza, Esc unafunga. Fanya kazi yako mpaka mwisho. Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, unajiona uko wapi? Panatakiwa pawe na mstari unaozunguka kitu ulichopo. Kama haupo kuna mtu ameandika outline: none kwenye CSS kwa sababu aliona ule mstari mbaya, mwambie aurudishe na aufanye mnene. La pili, unafika kila mahali? Kitufe kilichotengenezwa kwa div au span badala ya button hakifikiki kwa Tab, kinarukwa tu. La tatu, unaweza kutoka? Vile vidirisha vinavyochomoza, "jiunge nasi", "tunatumia vidakuzi", vingi ukiingia hutoki.

Hii ni kwa asiyeona, kwa mwenye mikono inayotetemeka, kwa aliyevunjika mkono, kwa anayetumia swichi badala ya vidole. Na hata karani wako anayejaza fomu 100 kwa siku atakushukuru.

Hatua ya 5: Washa TalkBack ufumbe macho

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo utajifunza zaidi kuliko kwingine kote, kwa hiyo naomba usiruke.

Asiyeona anatumia kisomaji skrini, programu inayosoma kwa sauti yaliyopo kwenye skrini. Android nyingi zina TalkBack ndani tayari, iPhone ina VoiceOver, na kwenye Windows unaweza kupakua NVDA bure kabisa, programu iliyoanzishwa 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni. Tuanze na TalkBack.

Kabla hujaiwasha, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, ingia TalkBack, washa kwanza njia ya mkato ya kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde chache. Fanya hivyo kwanza! Usipofanya utawasha alafu utashindwa kuizima maana simu nzima inabadilisha tabia. Ukishawasha, telezesha kidole kimoja kwenda kulia unasonga kwenye kitu kinachofuata na simu inakisoma, kushoto unarudi, gusa mara mbili haraka unabonyeza, vidole viwili kupanda na kushuka unasogeza ukurasa. Kwenye simu za karibuni gusa kwa vidole vitatu upate menyu ya TalkBack, kule unachagua kusoma kwa vichwa vya habari, kisha unateleza juu au chini kuruka kutoka kichwa kimoja kwenda kingine.

Sasa fungua tovuti yako, fumba macho, fanya ile kazi. Sikiliza haya.

Picha. Ukisikia "IMG underscore 2023 sifuri nane" ujue picha haina maelezo, ile alt. Maelezo yaandikwe kwa kile ambacho picha inamwambia mtu, sio "picha ya tangazo" bali "Usaili wa walimu utafanyika Dodoma, tarehe 14, saa 2 asubuhi." Mapambo tu yawekewe alt tupu, alt="", ili kisomaji kiyaruke. Na hapa niseme kwa uchungu kabisa: kutoa tangazo zima kama picha moja ya JPG, na tarehe, vigezo na namba za simu zote zimo ndani ya hiyo picha, ni kumfungia mlango asiyeona. Weka picha ukipenda, lakini maandishi yake yaweke chini.

Linki. Mtu asiyeona mara nyingi anaomba kisomaji kimpe orodha ya linki zote. Kama zako zote ni "bonyeza hapa, bonyeza hapa, soma zaidi, soma zaidi" hiyo orodha haina maana yoyote. Andika "Pakua fomu ya kujiunga", "Ada za mwaka 2025".

Vichwa. Viwe h1, h2, h3 vya kweli kwa mpangilio, sio maandishi yaliyokuzwa na kukolezwa. Macho yanaona ukubwa, kisomaji kinaona aina.

Lugha. Hili ni letu hasa na karibu hakuna anayelijali. Ukurasa umeandikwa Kiswahili kitupu lakini mwanzoni kabisa mwa HTML pamebaki lang="en" kwa sababu fundi alichukua templeti akaiacha hivyo hivyo. Matokeo yake kisomaji kinasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. "Jina lake" inatoka "jina leik". "Watoto wake" inatoka "weik". Mtu anachagua wilaya ya Same anasikia "seim". Fikiria kusikiliza fomu ya kurasa sita kwa sauti ya namna hiyo. Dawa ni kubadilisha liwe lang="sw", herufi mbili tu, na kama kuna aya ya Kiingereza katikati basi hiyo aya peke yake ipewe lang="en". Sauti za Kiswahili zipo, eSpeak NG inayokuja na NVDA inayo na huduma ya sauti ya Google kwenye Android inayo, kinachokosekana ni ukurasa kujitambulisha. Leo leo fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, angalia mistari ya juu kabisa. Ukikuta "en" umeshapata kazi ya kwanza ya kurekebisha.

Hatua ya 6: Fomu, na hapa tukae

Watu wakisema tovuti mbovu, kwa kawaida wanamaanisha fomu.

Anza na lebo. Kila kisanduku kiwe na jina lake juu yake, linaloonekana muda wote, na lililofungwa nacho kwa label na for. Yale maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku yanayofutika ukianza kuandika sio lebo. Mtu akipigiwa simu katikati, akirudi hajui kisanduku cha nne kilikuwa kinauliza nini.

Chukua namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, uone jinsi kitu kimoja kidogo kinavyoweza kukwamisha maelfu. Ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho zimegawanywa kwa vistari: nane, tano, tano, mbili. Fundi anasikia tarakimu 20 anaweka kikomo cha herufi 20. Mtumiaji ananakili namba yake pamoja na vistari vitatu, jumla herufi 23, kisanduku kinakata tatu za mwisho kimya kimya, alafu kinamwambia namba si sahihi. Anaihesabu, anaona anachoandika ni kile kile kilichopo kwenye kadi, anarudia, inakataa, anaenda steshenari. Mwingine anaweka type="number", hiyo nayo ni hatari, kwa sababu namba ndefu kuliko tarakimu 15 au 16 JavaScript ikiigeuza kuwa namba ya hesabu haiwezi kuitunza sawasawa, tarakimu za mwisho zinabadilika. Na karani akija kuifungua orodha kwenye Excel, kule nako kinachotunzwa ni tarakimu 15 tu, zinazobaki zinageuka sifuri. Njia sahihi ni type="text" yenye inputmode="numeric" ili simu ilete kibodi ya namba, kubali vistari na nafasi, viondoe mwenyewe kwenye seva, ihifadhi kama maandishi. Na kwa kuwa zile tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, usimuulize tena tarehe ya kuzaliwa kwenye kisanduku cha chini, mjazie mwenyewe aithibitishe. WCAG 2.2 ina kipengele kizima kinachokataza kumuuliza mtu tena kitu alichokwisha kukuambia kwenye safari ile ile.

Namba ya simu hivyo hivyo. Mtu ataandika ikianza na 07, mwingine 06, mwingine +255, mwingine 255 bila alama, mwingine ataweka nafasi katikati kwa sababu kaitoa kwenye majina ya simu yake. Zote ni namba moja. Zipokee zote uzinyooshe wewe, kompyuta ndio ifanye hiyo kazi.

Tarehe ya kuzaliwa: ile kalenda inayofunguka mwezi huu na mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja, mama aliyezaliwa 1962 atabonyeza mshale zaidi ya mara 700. Weka visanduku vitatu, siku, mwezi, mwaka, aandike.

Majina: usimlazimishe mtu kuwa na majina matatu kama anayo mawili, na usikatae ile alama ya juu (') iliyopo kwenye neno ng'ombe, maana akina Ng'wandu, Ng'itu na Nyang'oro wapo na fomu nyingi zinawaambia jina lao lina herufi haramu. Hiyo inauma kwa namna ya pekee, kuambiwa na ofisi kwamba jina lako ni kosa.

Kupandisha faili. "Faili lisizidi KB 500." Simu ya kawaida inapiga picha ya MB 3 au zaidi, na mwenye simu hana programu ya kupunguza. Mwambie fundi seva ipokee picha kubwa alafu iipunguze yenyewe, na ikubali JPG na PNG, sio PDF peke yake. Nina hakika kabisa kwamba sheria hii moja ya ukubwa wa faili ndio inayopeleka wateja wengi steshenari.

Kosa likitokea, ujumbe ukae chini ya kisanduku chenye kosa, kwa Kiswahili, na useme cha kufanya: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20, umeandika 19." Sio "Invalid input" juu kabisa kwa rangi nyekundu. Fundi aufunge ujumbe huo na kisanduku kwa aria-describedby na auwekee role="alert" ili usomwe. Na kwa vyovyote vile usifute yale mengine yaliyokwisha kujazwa! Mtu amejaza visanduku 30, amekosea kimoja, ukurasa unarudi mtupu, hapo umempoteza.

Muda. Tovuti zinamtoa mtu nje akikaa kidogo bila kubonyeza. Lakini huyo mtu ameenda kutafuta cheti kabatini, au anasikiliza kwa TalkBack ambako kila kitu kinachukua muda mrefu zaidi. WCAG inasema kama kuna ukomo wa muda basi mtu aonywe, apewe angalau sekunde 20 za kubonyeza kitu kimoja tu kuongeza muda, na aweze kuongeza angalau mara kumi. Bora zaidi hifadhi alichojaza ili akirudi aendelee.

Kapcha za kuchagua taa za barabarani na pikipiki, toa. Asiyeona hawezi, na ile ya sauti ni Kiingereza chenye makelele. Tumia kisanduku cha mtego kisichoonekana ambacho roboti hukijaza na binadamu hakioni, pamoja na kuzuia maombi mengi kutoka sehemu moja. Kama unatuma namba ya uhakiki kwa SMS, ipe dakika 10, sio sekunde 60, maana meseji zinachelewa mtandao ukisumbua. Na ruhusu kubandika paswedi na hiyo namba ya uhakiki, kuzuia kubandika hakuongezi usalama wowote.

Hatua ya 7: Zile PDF

Tangazo linaandikwa Word, linachapishwa, linasainiwa, linapigwa muhuri, linaskaniwa, linapandishwa limelala upande. Hiyo sio nyaraka tena, ni picha ya karatasi. Jipime hivi: fungua PDF, jaribu kuchagua neno moja kwa kidole. Likikataa kuchaguliwa, kisomaji nacho hakioni chochote.

Chukua ile Word ya asili, tumia vichwa vya Word vyenyewe, chagua kuhifadhi kama PDF moja kwa moja kutoka pale. Nakala yenye muhuri iweke kama nyongeza kwa anayeihitaji. Ila kwa kweli kama tangazo ni kurasa mbili tatu, liweke kama ukurasa wa kawaida wa tovuti, litasomeka kwenye kila simu na halimli mtu bando la kupakua.

Hatua ya 8: Sasa ndio programu za kupima

Lighthouse iko ndani ya Chrome ya kompyuta, WAVE ni ya WebAIM, axe ni ya Deque, zote zina sehemu za bure. Endesha moja, rekebisha inachokuonyesha. Nimeziweka huku chini makusudi. Zinakamata vizuri alt iliyokosekana, rangi hafifu na lebo iliyopotea, ila haziwezi kujua kwamba alt yako inasema uongo au kwamba maelezo hayaeleweki. Tovuti inaweza kupata 100 kwenye Lighthouse na bado hakuna mtu anayeweza kulipa ada.

Hatua ya 9: Kaa na watu, ufunge mdomo

Tafuta watu watano, hawa wa kweli, sio wafanyakazi wenzako. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, na ni bora kupima watano, ukarekebisha, ukapima wengine watano, kuliko kupima 15 kwa mkupuo. Angalau mmoja awe anatumia kisomaji skrini kila siku, mmoja awe na uoni hafifu, mmoja mzee. Zungumza na Chama cha Wasioona Tanzania, CHAVITA kwa viziwi, Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, au SHIVYAWATA yenyewe, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Walipe, sio nauli tu, ni kazi.

Mpe mtu ile sentensi ya hatua ya 1, alafu nyamaza. Usimwelekeze. Akiuliza "nibonyeze hapa?" mwambie "ungekuwa nyumbani ungefanyaje?" Andika kila anapositasita.

Viziwi nao wana shida moja ambayo haionekani kwenye ukaguzi mwingine wowote: tovuti inayosema "kwa msaada piga simu" na hakuna njia nyingine. Weka SMS au WhatsApp pia. Na video ziwe na maandishi chini, yaliyohakikiwa na binadamu.

Kama unamlipa fundi

Haya yote yaandike kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza, maana baada ya kukabidhiwa utaambiwa ni kazi mpya na bei mpya. Mstari kama huu unatosha: "Tovuti itafikia WCAG 2.2 ngazi ya AA. Malipo ya mwisho yatatolewa baada ya mtumiaji wa kisomaji skrini, atakayechaguliwa na mteja, kukamilisha kazi zilizoorodheshwa bila msaada." Fundi mzuri hataogopa huo mstari.

Na kama wewe ndiye unayesumbuliwa

Kwa haraka: kwenye Chrome ya Android, mipangilio, ufikivu, kuna sehemu ya kulazimisha ukuzaji hata tovuti ikikataza. Hali ya usomaji inaondoa makorokoro. Ukijaza fomu ndefu, andika majibu yako kwanza kwenye programu ya Notes ya simu kisha ubandike. Na ukilazimika kwenda steshenari, barua pepe iwe ya kwako na paswedi uiandike wewe kwa mkono wako.

Alafu lalamika, kwa maandishi. Haki ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, kifungu cha 9, unagusa waziwazi habari na mawasiliano ikiwemo intaneti, na Kenya na Tanzania zote zimeuridhia. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, Kenya ina kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinachotaja haki ya kufikia habari. Ila malalamiko ya "tovuti yenu mbovu" hayarekebishiki, fundi hajui aanzie wapi. Andika hivi:

"Tarehe fulani nilijaribu kuomba huduma hii kwenye ukurasa huu [weka anuani]. Natumia simu aina hii, Chrome, na TalkBack. Nilipofika kwenye kisanduku cha namba ya kitambulisho kisomaji kilisema 'haina lebo', nikashindwa kuendelea. Naomba kisanduku kipewe lebo, na wakati mnarekebisha mnipe njia nyingine ya kuwasilisha ombi langu kabla ya tarehe ya mwisho."

Ambatanisha picha ya skrini, tuma kwa barua pepe ya ofisi na sio kwenye maoni ya Facebook, nakala peleka kwenye chama chako cha watu wenye ulemavu, na tunza tarehe uliyotuma. Zikipita wiki mbili kimya, tuma tena barua ile ile na ile ya kwanza chini yake.